PS2 ya kibandani inapata hadi diski: shajara ya kutafuta pa kuweka gemu 96

3 Februari

Leo nimeishusha ile PS2 (PlayStation 2) kutoka juu ya kabati. Ni ile nene, SCPH-50004, imechipiwa zamani sana (imefungwa chipu ili isome diski za kukopi), imepiga kazi kwenye kibanda chetu cha gemu Temeke miaka mitano asubuhi mpaka usiku, watoto wanaitandika kama punda wa kukodi. Kibanda tulifunga 2014, bro akaingia kwenye bodaboda mimi nikapata ajira, mashine na mfuko wa diski vikabaki kwangu.

Lenzi imekufa. Sio imechoka, imekufa kabisa. Huko nyuma nimeshaibadilisha mara mbili, nimeshapaka diski dawa ya meno, nimeshailaza mashine kichwa chini miguu juu (wazee wa vibanda mnaijua hiyo, diski ikikubali kusoma mnaambizana mtu asikanyage sakafu kwa nguvu). Leo hata ukiipigia magoti haisomi. Na mimi habari za lenzi sitaki tena, vumbi la hapa kwetu na lenzi ni paka na panya. Mpango ni gemu zote ziingie kwenye hadi diski ndani ya mashine, diski zenyewe zikapumzike.

Kwa wasiojua, PS2 nene ina uwazi nyuma, unatoa kifuniko cha plastiki unakuta nafasi ya hadi diski ya inchi 3.5 kabisa, Sony wenyewe zamani waliuza ya 40GB pamoja na adapta ya mtandao ambayo ndo inaishikilia. Slim haina nafasi hiyo. Ukishapata adapta na hadi diski, unahitaji memori kadi yenye Free McBoot ili mashine iwashe programu za nje, alafu programu ya OPL (Open PS2 Loader) ndo inasoma gemu. Memori kadi ninayo tayari, adapta niliagiza tangu mwezi wa kumi na mbili ipo njiani. Kimebaki hicho kimoja tu cha hadi diski, nikadhani ndo rahisi kuliko vyote.

5 Februari

Kabla sijatoa hata buku nimeamua nihesabu mzigo, maana watu wananunua hadi diski kwanza alafu ndo wanajiuliza inaenda kuweka nini. Mfuko ulikuwa na diski 143. Nimezimwaga zote sebuleni, mama watoto akapita akaangalia hakusema kitu, nikajua nina kama siku mbili za amani.

Zilizojirudia ni 28, karibu zote za mpira, kila msimu tulikuwa tunanunua Winning mpya ambayo ni ile ile ya mwaka jana mtu kakaa na kompyuta yake kabadilisha jezi na majina. Zikabaki 115. Naanza kuzinyonya, yaani kuzikopi kuwa mafaili kwenye laptopu, kwa programu ya ImgBurn moja moja, DVD nzima ambayo haina mikwaruzo ni kama robo saa, yenye mikwaruzo unaiacha unaenda kuoga unarudi iko asilimia ile ile.

9 Februari

Nimemaliza. Siku nne za kubadilisha diski kama niko zamu. 19 zimegoma kabisa, zimebaki 96. Kati ya hizo 17 ni CD, hizo hazifiki hata MB 700, 73 ni DVD za kawaida, na 6 ni DVD za tabaka mbili, hizi orijino alizoniletea binamu yangu anayefanya kazi Muscat, God of War II na Gran Turismo 4 zimo.

Hiyo God of War II imenichekesha. Kibandani tulikuwa nayo na tuliimaliza mara kibao, ila ilikuwa kwenye DVD ya kawaida, na orijino ni ya tabaka mbili haiwezi kuenea huko. Kumbe ya kwetu mtu aliikatakata, video kazibana mpaka Kratos anaongea kama yuko nyuma ya pazia la bafuni, na sisi miaka yote tunadhani ni TV mbovu! Nimeangalia utangulizi wa orijino kwenye laptopu leo mara ya kwanza. Nikampigia bro, akasema kwa hiyo tumeibiwa, nikamwambia bro na sisi tuliinunua elfu moja.

Jumla ya vyote: GB 290, kwa hesabu ya laptopu. Hiyo "hesabu ya laptopu" iwekeni akilini maana muuzaji anahesabu kwa elfu na kompyuta inahesabu kwa 1,024, kwa hiyo hadi diski iliyoandikwa 320GB ukiichomeka unakuta 298, ya 500 unakuta 465, ya 1TB unakuta 931. Hujaibiwa apo. Ila kwa mzigo wa 290 ile ya 320 nimeshaifuta kwenye orodha, inaenea kama mguu kwenye kiatu cha mtoto.

11 Februari

Nimefanya ujinga, wacha niuandike ili uwe fundisho kwangu.

Nilikuwa Kariakoo kwa shughuli nyingine kabisa, kijana anatembeza flashi, "2TB bosi, elfu ishirini na tano, orijino". Nilijua. Moyoni nilijua kabisa. Ila nikajiambia nikinunua najaribu tu, elfu ishirini na tano sio kitu, na PS2 ina matundu ya USB mbele, labda hata adapta haina haja. Nimefika nyumbani nimechomeka, laptopu inaonyesha 1.8TB safi kabisa, nikaanza kukopi, inapokea. Gemu ya kwanza mpaka ya nane hivi nikizifungua ziko sawa, ya tisa kuendelea jina la faili lipo, ukubwa upo, ndani takataka.

Nikaiweka H2testw, ile programu ya Wajerumani inayojaza flashi yote kwa data inayoijua alafu inasoma tena kuona kama kilichoingia ndicho kilichotoka. Niliiambia ipime sehemu ya mwanzo tu, nikaianzisha usiku nikalala. Asubuhi jibu: nafasi ya kweli haifiki GB 30, iliyobaki yote ni uongo ulioandikwa kwenye chipu, data ikifika mwisho inaangukia hewani au inapanda juu ya ile ya mwanzo. Wenye Linux mna F3, kazi ni hiyo hiyo. Sasa hivi nina sheria, kitu chochote cha kuhifadhi hakiingii kwenye mradi kabla hakijapita kwenye kipimo, hata kama amenipa mama mzazi.

Alafu hata ingekuwa ya kweli isingesaidia. Hizo GB chache za kweli niliweka gemu mbili nikazijaribu PS2. Tundu la USB la PS2 ni la kizazi cha kwanza, 1.1, megabiti 12 kwa sekunde, kwenye karatasi ni kama MB 1.5 na kiuhalisia ni chini ya apo. DVD ya PS2 yenyewe inasoma MB 5 na kitu kwa sekunde. Yaani flashi ni ya polepole kuliko lenzi iliyokufa! Gemu inacheza, ndio, ila video za kati zinakatika katika kama mtu ana kwikwi, na kwenye magari barabara inachelewa kutokea unaendesha kwenye utupu. Watu wanakuambia nunua flashi yenye kasi, USB 3.0 sijui nini. Kaka, ukileta lori la tani kumi kwenye kichochoro cha Manzese litapita kwa mwendo wa mkokoteni tu.

Na kama flashi imefomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa mafaili, ndo hivyo faili haliruhusiwi kuvuka GB 4, inabidi ulikate vipande kwa programu ya USBUtil. OPL mpya inasoma exFAT, mpangilio wa karibuni usio na kikomo hicho, kwa hiyo hilo limeisha, ila kichochoro kiko pale pale.

14 Februari

Adapta imefika. Sio ile orijino ya Sony, ni ya Kichina yenye soketi ya SATA (ile ya hadi diski za kisasa) na haina tundu la waya wa mtandao, kwa hiyo ule mpango mwingine wa kucheza gemu kutoka kwenye laptopu kwa waya nao umekufa, wala siusikitikii, nani anataka laptopu iwake muda wote ili mtoto acheze Tekken.

Orijino zipo kwa watu ila zina soketi ya zamani ya IDE, inabidi utafute hadi diski za IDE ambazo sa hivi zote ni vikongwe, au ubadilishe ile bodi ndogo ya ndani iwe ya SATA. Uzuri wa orijino ni mtandao upo. Mimi SATA inanitosha.

Nafasi imetengenezwa kwa hadi diski kubwa ya inchi 3.5. Ndogo ya laptopu ukiichomeka inaning'inia kwenye soketi tu, ukiisogeza mashine inacheza. Nimekata kandambili ya zamani vipande viwili nikaiwekea chini, inakaa kama imezaliwa pale. Mama watoto kaniuliza kandambili ya pili iko wapi. Nikasema sijui.

16 Februari

Sasa ndo kazi yenyewe. Nimeenda kwa mafundi watatu, wawili wa laptopu na mmoja anayefunga kamera za CCTV, nimebeba laptopu na waya wa SATA kwenda USB, na CrystalDiskInfo. Hii programu inasoma kumbukumbu ambazo hadi diski yenyewe inajiandikia, wanaziita SMART, ni kama kadi ya kliniki ya mtoto, imezaliwa lini imeumwa nini.

Mimi naangalia mistari mitatu, mingine siiangalii. Wa kwanza ni masaa iliyowaka. Wa pili, namba 05, ni sekta ngapi zimeharibika zikahamishiwa kwenye akiba. Wa tatu, C5, ni sekta ngapi ambazo zinasomeka kwa shida zinasubiri hukumu. Huu wa tatu ndo ninaouogopa zaidi, maana hiyo ni hadi diski inayoumwa leo, sio iliyoumwa juzi ikapona.

Ya kwanza niliyopewa ni kubwa, inchi 3.5, 1TB, imetolewa kwenye mashine ya kamera. Bei nzuri mno. Masaa 41,000. Gawa kwa 24, gawa kwa 365, ni miaka minne na miezi nane bila kuzimwa. Masaa peke yake yasingenitisha, hadi diski za kamera zimeundwa kukesha, kinachotisha ni C5 ilikuwa 8. Nikamwambia fundi, akasema "hiyo program yako inakudanganya, hii inapiga mzigo fresh". Nikamuomba niiache isome mwanzo mpaka mwisho nikae na soda. Dakika ya arobaini ikaanza kugonga tak, tak, tak. Fundi akasema labda ni waya. Nikamwambia fundi, waya haugongi.

Sababu nyingine ya kuikwepa kubwa, hata ikiwa nzima: ni nzito, inapiga kelele na joto lake sio mchezo, na inahitaji volti 12 pamoja na 5 wakati ndogo ya laptopu inakula 5 tu. Mashine ina umri wa mtu wa chuo sasa, pawasapulai yake sitaki kuitwisha ambacho sio lazima. Wapo wanaotumia kubwa miaka na miaka bila shida, siwabishii.

Bro naye kapiga simu, "nunua 2TB kabisa umalize". Ndio, 2TB ndo mwisho wa mashine, sekta zinahesabiwa kwa namba ya biti 32, sekta moja baiti 512, zidisha unafika 2TB na hapo ukuta. (Zamani ilikuwa mbaya zaidi, HDLoader ya mwanzoni, programu iliyotangulia OPL, ilikuwa inaishia 137GB.) Lakini mzigo wangu ni 290! Nikinunua 2TB nitajaza nini, gemu za mapenzi za Kijapani ambazo hata kusoma siwezi? Alafu zile ndogo nyembamba za 1TB na 2TB nyingi zinaandika kwa ule mtindo wa SMR, mistari imepandana kama makuti ya paa, kusoma ni sawa tu ila ukitaka kubadilisha mstari mmoja inabidi ufunue na ya jirani, kukopi vitu vingi kunakuwa kwa kukera. Kwa kazi ya PS2 ambayo unaandika mara moja na kusoma milele wala sio dhambi. Ila tusidanganyane kwamba ukubwa ni bure.

17 Februari

Hii siku naandika kwa kifupi kwa sababu zinazoeleweka.

Nyumbani kuna hadi diski ya nje, 1TB, ina picha za harusi. Nikawaza, nahamishia picha kwenye laptopu, nafungua kasha, natoa hadi diski ya SATA iliyomo ndani, mradi umeisha bila shilingi. Picha nilihamisha kweli, hilo nilifanya kwanza, mniandikie kwenye mazuri yangu. Kasha nimelifungua kwa kadi ya benki iliyokwisha muda, dakika ishirini za kubembeleza vijino vya plastiki, nikatoa… hamna SATA. Tundu la USB limelehemewa kwenye bodi ya hadi diski yenyewe. Hakuna cha kuchomoa. Siku hizi nyingi ndogo za nje ziko hivyo, kama mtu anataka kufanya hii njia aulize kwanza modeli yake mitandaoni kabla hajashika bisibisi.

Nimelifunga tena. Vijino viwili vimevunjika, nimezungushia tepu ya umeme nyeusi. Inafanya kazi. Mama watoto ameiona saa mbili usiku.

20 Februari

Nimeazima SSD, yaani hifadhi ya chipu tupu isiyo na sahani inayozunguka, ya 480GB ya jamaa wa kazini (laptopu inaonyesha 447) nijaribu. Kila mtu ananiambia SSD ndo mpango mzima, gemu zitaruka.

Hazijaruka. Nilichukua simu nikapima kwa saa ya kuhesabu, gemu ile ile ya magari, kuanzia ubonyeze mpaka gari lisimame barabarani, mara tano SSD, mara tano hadi diski ya laptopu ya zamani niliyoazima pia. Tofauti ni kama sekunde moja, na kidole changu chenyewe kinakosea nusu sekunde. Na ukifikiria inaeleweka, SSD inaweza kutoa MB 500 kwa sekunde lakini njia ya hadi diski ya PS2 mwisho wake kwenye karatasi ni 66, alafu gemu yenyewe imeandikwa na watu waliokuwa wanaisubiri DVD ya MB 5, kwa hiyo hata data ikifika mapema mashine bado ina kazi zake za kuifungua na kuipanga. Zote mbili zimeizidi DVD kwa mbali, hilo ndo la maana.

SSD ina mazuri mengine ambayo sio kasi. Haina sauti kabisa. Mtoto akiipiga teke mashine haijali. Haipati joto. Umeme ukikatika ghafla hakuna kichwa kinachoparaza juu ya sahani. Ningekuwa bado nina kibanda, na wale watoto wanaogonga meza wakifungwa goli, ningeweka SSD bila kujiuliza mara mbili. Nyumbani mashine imekaa kwenye kabati ya TV haiguswi.

Bei ya SSD mpya niliyoulizia ni zaidi ya mara mbili ya hadi diski nzima ya mtumba. Na kuna za bei chee, zenye majina ambayo sijawahi kuyasikia, nikikumbuka ile flashi mwili unasisimka.

22 Februari

Nimenunua. Hadi diski ya laptopu, inchi 2.5, 500GB, mtumba, elfu arobaini, kwa fundi wa pili. Masaa 9,800, namba 05 sifuri, C5 sifuri. Nimeisoma yote mwanzo mpaka mwisho pale pale dukani, karibu masaa mawili, fundi akawa amenizoea mpaka akanituma nimshikie duka aende kuswali. Hakuna hata sehemu moja iliyosita. Ndo kigezo changu cha mwisho kumbe, sio ukubwa wala kasi, nilitaka tu ambayo kadi yake ya kliniki ni safi na nimeishuhudia mwenyewe.

Na pia, hii nimeifikiria baadae, ikifa sitalia. Mafaili yote 96 yapo kwenye ile ya nje yenye tepu nyeusi, pamoja na picha za harusi. Zimekaa pamoja, nimeruhusiwa kwa masharti.

23 Februari

Balaa.

Kuna namna mbili za kuipanga hadi diski ya PS2. Ya asili ni APA, mpangilio wa Sony wenyewe, kompyuta za kawaida hazijui hiyo lugha kabisa kwa hiyo unapakia gemu kwa hdl_dump au ndugu zake wenye madirisha. Nyingine ni exFAT ya kawaida, ambayo OPL za karibuni zinaisoma moja kwa moja hata ikiwa ndani ya mashine. Mimi kwa ukongwe wangu nikachagua APA, maana ndo niliyoijua.

Nimepakia gemu 61, jioni nzima. Umeme ukakatika. Hilo sio tatizo, laptopu ina betri, nikachomoa vizuri nikalala. Asubuhi nachomeka niendelee, laptopu kwa kuwa haiijui APA inaona ni hadi diski tupu, ikaniuliza kwa upole kama niiandae ili iweze kutumika. Na mimi macho ya usingizi, kikombe mkono mmoja, nikabonyeza ndio.

Inaandika kitu kidogo tu mwanzoni mwa hadi diski, sekta za mwanzo, ila ndo pale pale ambapo APA inaweka kichwa chake. PS2 ikaniambia hakuna hadi diski iliyofomatiwa. Data bado imo humo ndani yote ila ramani imechanwa. Nasikia wapo wanaorudisha kwa mkono, mimi nilikaa kwenye kochi kama dakika kumi nikiangalia ukuta, dogo (mtoto wa dada, yuko kwetu likizo) akaniuliza "anko umefungwa?" Nimefungwa anko.

25 Februari

Nimeanza upya kwa exFAT. Hasara ya exFAT ni huwezi kuwashia mashine kutoka kwenye hadi diski yenyewe, ile FreeHDBoot inataka APA, ila mimi nawasha kwa memori kadi kwa hiyo hainihusu. Faida ni laptopu yoyote inaifungua kama flashi kubwa, na haitakuja kuniuliza tena yale maswali ya kifedhuli asubuhi.

Patisheni moja, jedwali la MBR, folda ya DVD na folda ya CD, basi. Muhimu ni faili liwe limelala kwenye kipande kimoja kisichokatika, OPL haipendi faili lililotawanyika, kwa hiyo nakopi kwenye hadi diski tupu moja baada ya nyingine, sikopi mbili kwa pamoja na sifuti futi katikati. Kukopi kulikuwa kunaenda kama MB 25 kwa sekunde, GB 290 imechukua masaa matatu na robo hivi. Nilikaa pembeni yake muda wote. Simu nimeizima.

1 Machi

Imeingia ndani, kandambili imeshika, bisi zimefungwa. Inawaka, memori kadi inaita OPL, orodha inatokea, majina 96. Nimezipitia zote kwa siku tatu, kila moja mpaka iingie kwenye mchezo wenyewe, sio kuishia kwenye nembo. 91 zimecheza bila kuguswa. Tatu zimetaka nibadilishe zile modi za OPL, nimejaribu moja moja mpaka zikakubali. Mbili zinakwama sehemu ile ile kila siku, nadhani ni zile nilizozinyonya kwa kulazimisha kwenye diski zenye mikwaruzo, hapo hadi diski haina kosa.

Kelele ya hadi diski husikii, feni ya mashine inaizidi. Joto nimeshika kwa mkono baada ya masaa mawili, la kawaida.

Na kwenye mfuko wa diski, chini kabisa, nimekuta memori kadi ya zamani yenye stika ya namba 4 kwa kalamu ya kibandani. Nikaichomeka tundu la pili. Ligi ya Winning ya 2011, timu ya bro, msimu wa sita. Nimeikopi haraka kwenye memori kadi ya kufikirika ambayo OPL inatengeneza kwenye hadi diski, MB 8 kwa MB 8, kabla kadi yenyewe haijakata roho.

Bro amekuja saa kumi na moja, bodaboda kaiacha nje na helmeti bado kichwani, akasema mechi moja tu. Sasa ni saa nne usiku. Zimebaki GB 174 na dogo ameshaniletea slim yao, 90004, haina nafasi ya hadi diski, ile inabidi tuangalie kadi ya SD inayoingia kwenye tundu la memori kadi. Nimemwambia anko kadi ya SD tutainunua pamoja, na laptopu tutaibeba.